Bima kwa wote, mashine kwa wachache: nani atachagua?

Kila Muhimbili au Hospitali ya Benjamin Mkapa inapotangaza kundi jipya la wagonjwa waliopandikizwa figo, maoni ya wasomaji hupita njia ile ile. Mmoja anamshukuru Mungu na madaktari, mwingine anauliza bei, wa tatu anataka itungwe sheria ya kuchukua figo za marehemu ili foleni iishe. Siku hizi ameongezeka wa nne, anayesema bima ya afya kwa wote ikishashika kasi suala hili litakuwa limekwisha. Huyu wa nne ndiye anayenipa wasiwasi. Kwa mgonjwa wa huku Nyanda za Juu Kusini, awe wa Mbeya, Njombe au Sumbawanga, bima haitaongeza figo hata moja, na kwa miaka ya mwanzo haitaongeza mashine wala wauguzi kwa kasi ya wagonjwa watakaojitokeza. Itakachofanya ni kuiondoa pesa kwenye kazi ambayo imekuwa ikiifanya kimyakimya, kazi ya kuamua nani atibiwe na nani arudi nyumbani. Kazi hiyo haitatoweka. Itaangukia kwa nesi, kwa daktari na kwa ofisa ustawi wa jamii, watu ambao jamii haijawahi kukaa nao ikakubaliana nani atangulie, na ambao tayari dhamiri zao zinawasumbua.

Figo zikishindwa kabisa, njia ni mbili. Ya kwanza ni kusafisha damu kwa mashine, saa nne kwa kila awamu, mara tatu kwa wiki kama utaratibu unavyotaka, ingawa wengi hupata mara mbili kwa sababu ya pesa, nafasi au nauli. Ya pili ni kupandikizwa. Muhimbili walianza Novemba 2017 na Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata Machi 2018, kwa figo zinazotolewa na ndugu walio hai. Kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800. Kati ya mgonjwa wa huku na figo mpya kuna rufaa, kuna vipimo vyake na vya mtoaji, kuna chumba cha kupanga mjini kwa watu wawili au watatu, kuna kliniki za kurudia, halafu kuna takrolimasi, mikofenoleti na prednisoloni, dawa za kuzuia mwili usiikatae figo, ambazo humezwa kila siku maisha yote. Akizikosa kwa muda, figo aliyopewa na dada yake inaweza kufa ndani yake. Mzee wa Kyela akisomewa orodha hiyo anaomba aende kwanza nyumbani akajadiliane na wanawe. Hospitali inaandika kuwa mgonjwa hakurudi. Hakuna aliyemkataa wala aliyeweka saini.

Nimewahi kukaa kwenye benchi nje ya chumba cha kusafisha damu katika hospitali moja ya kanda hii, nikimsubiri ndugu. Nesi wa zamu alikuwa na kaunta buku lenye majina yaliyopangwa kwa zamu za siku, na mashine moja ilikuwa imefunikwa shuka ikisubiri fundi. Akaletwa mzee kutoka Rungwe, siku isiyo yake, miguu imevimba, anahema kwa shida. Ndani alikuwapo kijana wa zamu yake halali, bima yake imeshaidhinishwa, keshaunganishwa. Nesi alitoka mara mbili kumpigia daktari na simu haikupokelewa. Mwisho akamkatisha yule kijana kabla ya saa zake kutimia, akampandisha mzee kwa muda uliobaki. Mzee aliposhushwa jioni alisema "Ndaga fijo, sista," yaani asante sana kwa Kinyakyusa. Kijana alikuwa ameondoka bila kuaga. Kama mmoja wao angezidiwa usiku ule, jina kwenye chati lilikuwa la nesi, naye hakuwa na karatasi yoyote ya kumwonyesha mtu kwamba alichofanya kinaruhusiwa au kinakatazwa.

Na hiyo ni siku yenye maji na umeme. Awamu moja ya kusafisha damu hula takribani lita 120 za maji yaliyochujwa kwa mtambo maalumu, kwa hiyo bomba likikauka mashine inageuka kabati. Umeme ukikatika na betri ikigoma, nesi anashika mpini na kuizungusha pampu kwa mkono ili damu iliyo nje irudi mwilini mwa mgonjwa kabla haijaganda. Yeye huyo huyo ndiye anayepaswa kumweleza bibi wa Tukuyu kwamba asile ndizi, parachichi wala maharage kwa wingi, kwa sababu figo zake hazitoi tena madini ya potasiamu na yakizidi moyo unaweza kusimama. Viazi vimenywe, vikatwe vidogo, vilowekwe kwenye maji mengi, maji yamwagwe, ndipo vichemshwe. Rungwe, ukiondoa ndizi, parachichi, viazi na maharage, kinachobaki mezani ni kidogo sana, na nesi anajua hivyo anapolitoa sharti hilo.

Andrew Jameton, mwanafalsafa aliyeandika kuhusu maadili ya uuguzi mwaka 1984, aliyatofautisha mateso ya dhamiri na uchovu wa kawaida wa kazi. Alisema ni hali ya mtu kujua lililo sahihi kufanywa huku mazingira ya taasisi yake yakimfunga asiweze kulifanya. Tofauti hiyo ina uzito, kwa sababu sisi tukimwona nesi analia chooni tunamwandalia semina ya kukabiliana na msongo wa mawazo, soda na posho juu. Sikatai semina. Ila nesi wa benchi lile hakuwa na tatizo la mawazo yake. Alikuwa anaona sawasawa. Alikuwa na wagonjwa wawili na mashine moja, na uamuzi uliostahili kufanywa na nchi nzima kwa kushauriana ulikuwa umesukumwa ngazi kwa ngazi hadi ukamfikia yeye, saa nane mchana, simu haipokelewi.

Tusidhani haya ni ya nchi maskini peke yake. Mwaka 1960, huko Seattle, Marekani, daktari Belding Scribner alitengeneza mrija wa kuachwa kwenye mkono wa mgonjwa, na kwa mara ya kwanza ikawezekana mtu ambaye figo zake zimekufa aishi kwa mashine miaka na miaka. Mashine zilikuwa chache. Ikaundwa kamati ya wananchi saba, akiwamo mchungaji, mwanasheria, mfanyabiashara wa benki na mama wa nyumbani, ipitishe nani apate. Habari zake zilipochapishwa mwaka 1962 umma ulishtuka, kwa kuwa wajumbe walikuwa wakipima kipato, ndoa, idadi ya watoto, hata mahudhurio ya kanisani. Mwaka 1972 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya serikali kulipia matibabu ya figo kwa karibu kila raia. Wanaotetea bima kama suluhisho hupenda kusimamia hapo. Lakini kilichofuata ni kwamba zaidi ya watu laki tano nchini humo sasa wanaishi kwa kusafishwa damu, na takribani 90,000 wako kwenye orodha ya kusubiri figo. Pesa ilipoacha kuwa kikwazo cha mashine, uhaba ulihamia kwenye kiungo chenyewe. Na ile ilikuwa nchi yenye uwezo wa kununua mashine kwa mkupuo.

Mfano unaotufaa zaidi uko Afrika Kusini. Mwaka 1997 Thiagraj Soobramoney, mkazi wa Durban aliyekuwa na kisukari, ugonjwa wa moyo na figo zilizoshindwa, aliishtaki serikali ili hospitali ya umma imsafishe damu. Hospitali ilikuwa na mwongozo ulioandikwa kwamba mgonjwa ambaye figo zake zimeshindwa kwa kudumu atapewa mashine iwapo tu anafaa kupandikizwa, kwa kuwa mashine zilikuwa chache na aliyepandikizwa huiacha nafasi yake kwa mwingine. Moyo wake ulimwondolea sifa. Mahakama ya Katiba, tarehe 27 Novemba 1997, ilikataa ombi lake ikisema haitaingilia uamuzi wa busara uliofanywa kwa nia njema na wenye dhamana ya bajeti na ya tiba. Alifariki muda mfupi baadaye. Ni hukumu inayouma kusoma, nami sipendekezi tuuchukue mwongozo ule kama ulivyo. Ninachokitaja ni hiki: Durban mgonjwa alikuwa na kitu cha kukipeleka mahakamani. Palikuwa na kanuni, mwenye kanuni, na sababu zilizojadiliwa mchana kweupe. Mzee wa Kyela hana wa kumshtaki, kwa sababu kwenye faili anaonekana aliondoka kwa hiari yake.

Kabla sijarudi kwenye kanuni, nizungumzie figo zenyewe, maana hapo Nyanda za Juu Kusini ina mambo yake. Figo ya ndugu aliye hai hutafutwa kwenye kikao cha ukoo, na kikao cha ukoo kina ngazi zake. Kaka mkubwa ana shamba la kusimamia, anayefuata ana kazi Dar, wote wanamtazama binti wa mwisho ambaye hajaolewa. Duniani kwa ujumla wanawake ndio wengi zaidi miongoni mwa wanaotoa figo wakiwa hai, na sijaona sababu ya kuamini kwamba kwa Wanyakyusa, Wabena au Wahehe mambo ni tofauti. Daktari anapomwuliza binti faraghani kama anatoa kwa hiari, naye anajibu "ndiyo" akitazama sakafu, daktari afanye nini? Akimkataa kwa kisingizio cha kitabibu, kaka anakufa. Akimkubali, ameshiriki shinikizo. Hayo nayo ni mateso ya dhamiri, wala hakuna bima inayoyalipia.

Halafu kuna virusi vya UKIMWI. Utafiti wa kitaifa wa 2022/2023 uliiweka Njombe juu kabisa kwa maambukizi miongoni mwa watu wazima, asilimia 12.7, Iringa ikafuata kwa 11.1 na Mbeya kwa 9.6. Virusi vyenyewe vinaweza kuharibu figo, kwa hiyo vinaongeza wagonjwa. Papo hapo vinapunguza watoaji, kwani ndugu mwenye maambukizi huondolewa mapema. Ukoo wa watu kumi wa Makambako unaweza kubaki na wawili wanaofaa hata kundi la damu halijapimwa. Inafaa tujue kwamba mwaka 2008 Dk. Elmi Muller wa Hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, alianza kuwapandikiza wagonjwa wenye VVU figo za marehemu waliokuwa na VVU, na matokeo yakawa mazuri kiasi cha Marekani kubadili sheria yake mwaka 2013. Mjadala huo ungepaswa kuanzia kwetu kabla ya mahali pengine popote nchini. Badala yake tunajadili figo kana kwamba mgonjwa wa Njombe na wa Pemba wana ukoo unaofanana.

Sasa ile hoja ya sheria ya viungo vya marehemu. Ina nguvu, na ajali za bodaboda zinaipa nguvu zaidi: kijana amefika hospitali ubongo umekufa, figo zake mbili nzima zingeweza kuwatoa watu wawili kwenye mashine. Figo iliyohifadhiwa kwenye barafu inaweza kuvumilia siku nzima au zaidi, kwa hiyo hata umbali wa Mbeya hadi Dodoma haujaishinda. Naiunga mkono sheria hiyo ije. Ninachopinga ni kuitanguliza. Wanaoitaka hutaja Hispania, nchi inayoongoza duniani kwa uchangiaji, wakisema siri yake ni sheria ya 1979 inayomhesabu kila marehemu kuwa amekubali isipokuwa alikataa akiwa hai. Kwa miaka kumi baada ya sheria hiyo, Hispania ilikuwa na watoaji kama 14 tu kwa kila watu milioni moja. Waliongezeka hadi kupita 40 baada ya 1989, lilipoundwa shirika la taifa la upandikizaji na kila hospitali ikapata mratibu aliyefunzwa kukaa na familia iliyofiwa. Familia huombwa ridhaa hadi leo.

Kwetu familia hiyo iliyofiwa ina kumbukumbu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Mbeya ilitikiswa na mauaji ya uchunaji ngozi. Yakafuata mauaji ya watu wenye ualbino kwa ajili ya viungo vyao, na mapema 2019 Njombe ikazika watoto waliouawa na kukatwa sehemu za miili. Nyuma ya yote hayo kuna hadithi za mumiani ambazo bibi zetu walizisimulia kwa uhakika wa kutaja mtaa. Mwambie mama wa familia hiyo, ambaye mwanawe bado kifua kinapanda na kushuka kwa mashine, kwamba kijana amekwisha na kwamba kuna daktari anaomba figo zake. Nesi atakayetumwa kumwambia ni jirani yake wa Uyole, atakutana naye sokoni Jumamosi. Ukimpa sheria bila mratibu, bila elimu ya kifo cha ubongo, bila utaratibu wa wazi wa figo hizo zinakwenda kwa nani, umemwongezea mzigo kwenye ule wa mashine. Swali la kwanza la mama litakuwa "anapewa nani?", na nesi hatakuwa na jibu.

Wapo pia wanaosema watu waachwe wauze. Kijana hana kitu, ana figo mbili, mwenye pesa anaihitaji moja, serikali inakwamisha nini? Hoja hii naiona dhaifu kuliko zote, ingawa mtandaoni ndiyo yenye sauti kubwa. Iran imeruhusu malipo chini ya usimamizi wa serikali tangu 1988, na wauzaji wameendelea kuwa watu waliobanwa na madeni. Jirani zetu Kenya, Aprili 2025, walilazimika kusimamisha upandikizaji katika hospitali moja binafsi ya Eldoret kufuatia tuhuma za vijana kurubuniwa kuuza figo kwa wageni. Na kwa hesabu ya kanda hii soko halitatui lolote: mwenye uwezo wa kununua figo ni yule yule ambaye leo anaweza kwenda India. Mgonjwa wa Ileje angeingia sokoni kama muuzaji.

Narudi kwenye kanuni, kwa kuwa ndipo penye pingamizi zito. Daktari mmoja ninayemheshimu aliniambia kwamba kuandika vigezo vya nani apate mashine ni kuandika hukumu ya kifo na kuipiga muhuri wa serikali. Mgonjwa wa miaka 70 mwenye kisukari atasoma ukutani kwamba zamu haitamfikia. Leo, alisema, tunamzungushazungusha, tunamchomeka hapa na pale, pengine anaishi wiki mbili zaidi. Utu wetu unapata nafasi ya kupenya. Silipuuzi hilo. Vigezo vibaya vinaua, na kamati ya Seattle ni ushahidi. Hata hivyo nafasi hiyo ya utu huwa haiwafikii watu wote sawa. Anayepata kuchomekwa hapa na pale ni yule ambaye binamu yake ni tabibu, au mtoto wake ana namba ya mtu wizarani, au anaongea vizuri. Bibi aliyepanda basi kutoka Sumbawanga, zaidi ya kilomita 300, hana mtu wa kumtafutia nafasi. Daktari anayetegemea huruma yake mwenyewe anachagua pia. Tofauti ni kwamba halazimiki kuieleza.

Lile pingamizi jingine, kwamba wauguzi wetu wamezoea na mateso ya dhamiri ni maneno ya Ulaya, sioni haja ya kulipa nafasi kubwa. Nesi aliyezoea ndiye yule anayewafokea wagonjwa dirishani, ambaye kila mtu anamlalamikia. Alianza akiwa kama yule wa kaunta buku.

Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya inahudumia mikoa saba, kutoka Katavi hadi Ruvuma, kwa hiyo kanda ingeweza kuanza bila kusubiri sheria mpya. Iwepo kamati yenye daktari wa figo, muuguzi wa mashine, ofisa ustawi wa jamii, mtu aliyewahi kuwa mgonjwa au kumuuguza, na kiongozi wa dini. Vigezo viwe vya kitabibu kwanza, vitaje wazi visivyoruhusiwa kupimwa, yaani cheo, kabila, kipato na kujuana, na viseme mgonjwa aliyekataliwa atapelekwa wapi, kwa sababu tiba shufaa nyumbani, yaani ya kumpunguzia maumivu na mateso, ni haki yake, asiambiwe tu "rudi wiki ijayo". Nesi akikutana na wawili kwenye mashine moja awe na namba ya mtu ambaye ni zamu yake kupokea, na uamuzi ukishatolewa uandikwe kwa jina la kamati. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imeweka mfuko wa kuwalipia wasio na uwezo. Watakaoandika kitita cha huduma wahakikishe dawa za baada ya kupandikizwa zimo humo kwa maisha yote, la sivyo tutakuwa tunawapasua mabinti wa mwisho kwa figo zitakazodumu hadi dawa ziishe.

Muhimu kwangu kuliko yote hayo ni daftari la waliokataliwa: nani, wa wapi, kwa sababu gani, na nini kilimpata. Madaktari wengine watalichukia, na msemaji wa hospitali atalichukia zaidi. Lakini bajeti ya Wizara ya Afya husomwa Dodoma kila mwaka, na wabunge wa huku husimama kuomba gari la wagonjwa na zahanati kwa sababu ndivyo vitu wanavyoweza kuvihesabu. Mbunge wa Makete au wa Kwela akisimama na idadi ya watu wa jimbo lake waliokosa mashine ndani ya miezi kumi na miwili, na sababu ya kila mmoja, waziri atalazimika kujibu kwa mashine, kwa dawa, au kwa kusema hapana mbele ya nchi. Kwa sasa anayesema hapana ni nesi.